Jina Kwenye Msuka

Bi Mineko alipewa siku tatu tu. Mzee Nishie alileta upanga wake Alhamisi asubuhi, ameufunga kwa kitambaa cha kimono cha marehemu mkewe, na Jumapili jina lililochongwa juu yake lilikuwa lifutwe kwa tupa. Kazi ya Mineko ilikuwa kulichukulia chapa kabla halijafutwa. Basi. Hakuna aliyemwomba maoni.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya chama cha wapenda panga pale Osafune. Sahihi ikihukumiwa na mkuu wao, Mwalimu Takebe, kuwa ya uongo huondolewa, kwa maana upanga usio na jina hauna aibu, lakini upanga wenye jina la kuiba humwaibisha kila anayeushika. Kabla ya kufuta, karatasi nyembamba hulazwa juu ya msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, ambako wahunzi wa zamani walichonga majina yao. Karatasi husuguliwa kwa donge la wino mkavu mpaka kila mkwaruzo utokee, herufi nyeupe katikati ya weusi. Mineko alikuwa na chapa arobaini na moja za majina yaliyofutwa, zote ndani ya sanduku la chai. Mumewe, Seikichi, aliliita sanduku hilo makaburini.

Mzee Nishie alikunywa chai yake taratibu, hakuonekana kuwa na haraka ya kuachana na upanga wake.

"Siku zile wanajeshi wa kigeni wanakusanya silaha nyumba kwa nyumba," alisema, "niliuchomeka ndani ya nyasi za paa. Mkuu wao alikaa chini yake hasa, akanywa chai yangu, akasifu na kachumbari ya figili. Nimelidanganya jeshi zima, Bi Mineko, kumbe nao upanga ulikuwa unanidanganya mimi."

"Mzee, na una hakika unataka lifutwe?"

"Mwalimu Takebe ameshasema. Mimi mkulima wa mpunga nitabishana na nani? Nina miaka themanini na moja. Sitaki mpwa wangu arithi uongo, kesho auonyeshe mbele ya watu wanaojua, wamcheke. Lifutwe, nife nimestarehe."

Aliinama, akaenda zake kituoni kuwahi treni, na Mineko akalaza karatasi juu ya msuka.

Jina lilikuwa la Tadahaya, mhunzi wa Osafune hiyo hiyo, aliyekufa zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Upande wa pili palichongwa mwaka, na umri wake alipoufua upanga ule: miaka sabini na moja. Mineko alisugua polepole. Alipofika kwenye herufi ya pili alisita, akaweka donge la wino chini, akapitisha ncha ya kidole juu ya chuma. Kisha akapitisha tena, amefumba macho.

Ili mjue kwa nini alisita, lazima niwaambie mwanamke huyu alijifunzaje kusoma.

Hakuzaliwa kwenye nyumba ya panga. Baba yake aliuza tofu. Aliolewa na Seikichi, fundi wa kunoa na kung'arisha panga, akiwa na miaka ishirini, na juma la kwanza tu alifanya kosa ambalo huko mtoto wa fundi asingelifanya. Aliona msuka wa upanga mmoja umejaa kutu, akaona haya kwa niaba ya mumewe, akachukua mafuta na majivu, akausugua mpaka ukang'aa kama sufuria ya arusi. Seikichi alirudi, akautazama, akakaa chini. Hakusema neno siku mbili. Siku ya tatu alisema, "Ile kutu ilikuwa na miaka mia tatu. Umeiosha asubuhi moja." Kisha akaenda kwa mwenye upanga, akamwomba radhi huku paji la uso liko mkekani.

Maana makali ya upanga hung'arishwa, lakini msuka hauguswi kamwe. Kutu yake ndiyo umri wake. Kutu ya kweli imeingia hata ndani ya herufi, rangi ile ile ndani na nje. Jina likichongwa jana juu ya chuma cha zamani, kutu ya ndani huwa changa, hata mwongo aipake dawa gani.

Aibu ile ilimfanya Mineko ajifunze kama mtu anayelipa deni. Seikichi alimpa kazi ya kuchukua chapa kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi, na alimfundisha kwa maneno machache. "Usisome herufi. Herufi hata mtoto wa shule anasoma. Soma mkono." Tindo ikipigwa nyundo, chuma huinuka pembeni mwa mstari, kama udongo unavyoinuka pembeni mwa jembe. Ukingo huo mdogo, ambao jicho halioni ila kidole kinausikia, ndio unaosema mhunzi alisimama wapi, tindo ilielekea wapi, alikuwa na haraka au ametulia. Mwaka wa kumi Mineko alikuwa anawajua wahunzi waliokufa kuliko alivyowajua majirani zake, na aliwapenda zaidi pia, kwa kuwa hawakusengenya.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi chama kilikutana hekaluni. Panga tano ziliwekwa mbele ya wanachama, misuka imefungwa kwa vitambaa, na kila mtu alitazama chuma, akaandika jina la mhunzi kwenye kikaratasi, akampelekea Mwalimu Takebe. Mwalimu alikirudisha kimeandikwa "Ndiye" au "Siye". Wanawake hawakuketi, walimimina chai. Mineko alimimina chai taratibu kuliko mwanamke yeyote wa Osafune, akitazama juu ya mabega ya watu, kisha alimnong'oneza mumewe kwenye ujia wa jikoni. Jina la Seikichi likaanza kuvuma.

Mchezo uliharibika mwezi mmoja Seikichi alipopasuliwa kidole tumbo. Mineko, kwa mazoea au kwa kiburi, mimi sijui, alipenyeza kikaratasi cha mumewe kama kawaida, na majibu yote matano yalikuwa sahihi. Mwalimu Takebe alikiinua.

"Bwana Seikichi amelazwa hospitali tangu juzi," alisema. "Naona roho yake imekuja kunywa chai."

Mineko alisimama na birika mkononi.

"Roho hiyo ikae chini," Mwalimu alisema. "Mto wa kukalia upo."

Hivyo ndivyo alivyoingia chamani, mwanamke wa kwanza, kwa ukarimu wa mtu mmoja. Wazee wawili walihama kwa hasira na Mwalimu hakuwafuata. Mwaka uliofuata, mbele ya watu thelathini, alimpa mtihani mkubwa zaidi. Alitoa upanga wa marehemu baba yake mwenyewe, akaufungua msuka, akasema, "Bi Mineko, anza wewe."

Ulikuwa na jina la Tadahaya. Kutu haikusomeka, kwa sababu baba huyo, wakati wa vita, aliusugua msuka kwa brashi ya waya akidhani anautunza. Zilibaki herufi tu. Mineko alipitisha kidole, akakuta mstari mrefu wa herufi ya pili umepigwa kinyume: tindo ilianzia kulia ikaenda kushoto, ilhali Tadahaya wa vitabu vyote huanzia kushoto. Moyo ulimdunda kwa furaha ya kuona ambacho wengine hawakukiona. Alisema bila kutetemeka, "Mkono huu si wake." Mwalimu akainamisha kichwa. "Na mimi nilikuwa na wasiwasi huo huo," alisema.

Mwezi uliofuata alilifuta jina lile kwa mkono wake mwenyewe, chama kizima kikitazama. Habari ilifika hadi Osaka. Watu walisema, huyu ndiye mwamuzi, hakumwonea haya hata baba yake. Tangu hapo akisema "uongo", tupa inaletwa. Chapa ya upanga ule ilikuwa ya kwanza kuingia kwenye sanduku la chai. Miaka kumi na miwili ikapita.

Sasa, Alhamisi ile, kidole cha Mineko kilikuwa juu ya mstari ule ule, umepigwa kinyume vile vile. Mwalimu Takebe alikuwa ameuona hekaluni mwezi uliopita na hakuchukua hata dakika moja. "Mwongo yule yule," alisema. "Alimchezea baba yangu, amemchezea na Mzee Nishie."

Lakini msuka huu haukuwa umeguswa na brashi ya mtu yeyote. Mineko aliuinua dirishani. Kutu ndani ya herufi ilikuwa nyeusi ya hudhurungi, kavu, imetulia, rangi moja na kutu ya nje. Akachukua lenzi. Aligundua jambo la pili, ambalo yeye na Mwalimu, na macho yao yote makali, hawakulitafuta. Haukuwa mstari ule mrefu peke yake. Mistari yote ya kulala, yote mitano, ilipigwa kulia kwenda kushoto. Ile ya kusimama ilikuwa ya kawaida kabisa.

Alifungua sanduku la chai, akatoa chapa ya chini kabisa. Mitano. Kule nako, yote mitano.

Hakula chakula cha mchana.

Jioni Seikichi alikwenda kufunga vibao vya mvua, ile milango ya mbao inayoteleza barazani. Miaka miwili nyuma alianguka kutoka kwenye mti wa persimoni, na tangu hapo bega lake la kulia halikwenda upande wa nje. Mineko alikuwa amemwona akifunga vibao vile kila siku na hakuona kitu. Leo aliona. Badala ya kukisukuma kibao kwenda kulia, kama watu wote, mumewe alizunguka, akasimama upande wa pili, akakivuta kuja kwake.

"Baba Sachi," alisema, "chukua tindo."

"Ya nini saa hizi? Supu inapoa."

"Chonga mstari wa kulala kwenye chuma kibovu hiki. Kama mhunzi."

Seikichi alinung'unika, lakini alipiga magoti, tindo mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia. Alipiga mara moja, akakunja uso. Mkono haukwenda. Akatukana kidogo, kisha, bila kufikiri, akaanza upya kutoka mwisho wa kulia na kuchonga mstari vizuri, akija upande wake. Mineko alikichukua chuma, akapitisha kidole. Tindo ilikuwa imetoka kulia kwenda kushoto. Ukingo ulikuwa pale pale ulipokuwa kwenye upanga wa Mzee Nishie.

"Alikuwa na bega bovu," alisema. "Sabini na moja. Alikuwa mzee na bega limeharibika, akawa anaanzia kulia. Ni yeye. Ni Tadahaya mwenyewe."

Seikichi alitazama chuma, akatazama chapa mbili zilizolazwa mkekani, na alielewa haraka, kwa sababu hakuwa mjinga. "Ule wa pili ni wa nani?"

"Unajua ni wa nani."

Supu ilipoa kweli.

"Mama Sachi, nisikilize," Seikichi alisema baadaye. "Mwalimu ana miaka sabini na minne. Mke hana, watoto hana. Ana jambo moja tu, kwamba alifuta jina la baba yake kwa ajili ya ukweli. Ukisema huu ni wa kweli, na ule ulikuwa wa kweli. Utamzika angali hai."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza utamzika Tadahaya. Yeye angalau ameshazoea."

Mineko hakucheka. Alikuwa akifikiria pia mambo madogo, ambayo mtu huona haya kuyasema: kwamba panga zote alizonoa mumewe zilitoka kwa watu wa chama, kwamba mto wake hekaluni aliupewa na mtu huyo huyo. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Na yeye alikuwa ameubusu miaka kumi na mitatu kwa moyo safi, kwa kuwa alimpenda mwalimu wake. Ndiyo iliyomuuma. Tena hukumu ile ya kwanza ilitoka kinywani mwake, si kwa Mwalimu. Hakulala Alhamisi, wala Ijumaa. Jumamosi alitembea hadi lango la Mwalimu, akasimama, akamsikia ndani akikohoa na kupiga kengele ndogo ya madhabahu ya wazazi wake, akarudi nyumbani.

Jumapili asubuhi alivaa kimono cha kijivu.

"Sifuatani nawe," Seikichi alisema. "Nikija watasema mimi ndiye niliyekutuma. Mara hii kikaratasi kiwe na jina lako." Kisha akamtilia kile chuma kibovu ndani ya mkoba, pamoja na chapa, na hakusema tena kama aseme au anyamaze.

Karakana ya fundi Hamaji, mtengeneza vifungo vya shaba vya panga, ilikuwa na mlango mwembamba na baridi ya Machi iliingia yote. Walikuwa wanne. Hamaji alikuwa ameubana upanga kwenye kibano, msuka juu, makali yamevikwa kitambaa. Mzee Nishie alikuwa amevaa suti ya mazishi. Mwalimu Takebe alikaa wima kama kawaida yake, fimbo pembeni.

"Chapa iko tayari?" Mwalimu aliuliza.

"Iko tayari," Mineko alijibu.

"Imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri, Mwalimu."

Hapo ndipo angesema. Nafasi ilifunguliwa kama mlango, na yeye alisimama kizingitini akatazama. Mwalimu aliyainamia maandishi, akalisoma jina kwa sauti mara ya mwisho, kama ilivyokuwa desturi. Mzee Nishie akainama mpaka mkekani. Mineko akajiambia, sasa. Hakusema. Alijiambia, Hamaji akishika tupa. Hamaji akashika tupa. Akaipuliza, akailaza juu ya herufi ya kwanza, akasukuma.

Sauti ile ilikuwa ndogo tu, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali. Juu ya weusi wa kutu ukatokea mstari unaong'aa, wa urefu wa ukucha.

"Acha," Mineko alisema. "Fundi, acha. Ni wa kweli."

Hamaji aliinua tupa akamtazama Mwalimu. Mwalimu hakugeuza kichwa.

"Bi Mineko hajalala vizuri," alisema.

"Sijalala siku tatu. Mwalimu, si mstari mmoja. Ni mistari yote ya kulala."

"Basi mwongo alikuwa na shoto. Njia ya mwongo ni fupi, humwishia kwenye mkono wake."

"Mwenye shoto angegeuza na ile ya kusimama, na vitone pia. Hii ya kusimama ni mkono wa kulia, ni Tadahaya wa vitabuni, hata kina chake. Na mwongo huiga kinachojulikana, Mwalimu. Nani aibe jina halafu aliandike tofauti na watu wanavyolijua?"

"Unanifundisha mimi?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mzee Nishie alikuwa ameinua uso, anamtazama huyu, anamtazama yule, kama mtu aliyesimama katikati ya barabara. Mineko alitoa kile chuma kibovu, akakisukuma kwa mikono miwili mpaka kwenye magoti ya Mwalimu.

"Huyu ni mume wangu. Bega lake la kulia limekufa upande mmoja. Nilimwambia achonge tu, sikumwambia vipi. Alianzia kulia mwenyewe. Tazama ukingo uko wapi. Kisha tazama kutu ya huu. Umehukumu kwa mstari, Mwalimu, hukutazama kutu, kwa sababu ulikuwa umeshauona mstari huo kwingine."

Mwalimu Takebe alichukua lenzi yake. Alitazama chuma cha Seikichi. Kisha aliinama juu ya msuka wa Mzee Nishie, akakaa hapo muda mrefu mno, pumzi yake ikitoa ukungu kwenye kioo. Nje baiskeli ilipita. Alipoinuka uso ulikuwa umepungua, sina neno jingine.

"Chapa ya baba yangu umeileta?"

"Ninayo."

"Lete."

Aliitandaza juu ya mapaja yake. Kidole chake kilifuata mistari ile mitano mmoja mmoja, hadi umri uliochongwa pembeni, miaka sabini na mitatu.

"Fundi Hamaji, weka tupa chini," alisema. "Mzee Nishie, jina la upanga wako ni la kweli. Nilikosea. Ule mkwaruzo ni wangu. Mpwa wako akiulizwa, ataje jina langu, asione haya."

Mzee Nishie aliukumbatia upanga ukiwa bado umebanwa kwenye kibano, ikabidi Hamaji amwondoe polepole asijikate.

Mwalimu alikuwa ameshasimama. "Twende," alimwambia Mineko.

Hakuuliza wapi. Alimfuata kando ya mto Yoshii, hatua tatu nyuma, akiikumbatia fimbo aliyoisahau Mwalimu, na njia nzima mzee hakuomba fimbo wala hakugeuka. Mineko aliwaza, atanifukuza chamani. Aliwaza, ataanguka hapa hapa barabarani, na nitakuwa mimi niliyemuua. Majuto ni mjukuu, na wa kwake alikuwa amekuja na miaka kumi na miwili tayari.

Nyumbani kwake Mwalimu alifungua milango ya madhabahu. Picha ya baba yake ilikuwa ndani, mzee mwenye masikio makubwa, na chini yake ulilazwa upanga wenyewe ndani ya ala nyeupe ya mbao, upanga ambao sasa haukuwa na jina. Aliwasha ubani mmoja, akaiweka chapa mbele.

"Mwambie," alisema, akarudi nyuma ya Mineko, akaketi.

Mineko aligonga kengele. Aliinamisha paji la uso mkekani, kama Seikichi alivyofanya zamani kwa ajili yake, na maneno yalitoka vipande vipande. "Mzee, jina la upanga wako lilikuwa la kweli. Mimi ndiye niliyesema si la kweli. Nilifurahi kusema hivyo, kwa kuwa niliona nimejua. Limefutwa kwa neno langu, na maji yakimwagika hayazoleki. Nakuomba radhi."

Alisikia nguo ikisuguana na mkeka, kisha Mwalimu alikuwa ubavuni mwake, amepiga magoti, anaitazama picha.

"Baba," alisema, "huyu alikosea kwa kutojua. Mimi siku ile, tupa ikiwa mkononi, nimeshafuta herufi ya kwanza, niliona kutu ndani ya ile ya pili, kwenye pembe. Brashi yako haikuwa imefika pale. Ilikuwa nyeusi. Niliiona vizuri kama ninavyokuona."

Mineko aligeuka akamtazama.

"Watu thelathini walikuwa wamekaa," Mwalimu Takebe alisema. "Walikuwa wameanza kunisifu. Nikaona haya kuacha, nikaendelea kufuta."

Alilaza paji la uso chini na hakuliinua. Mineko alibaki pale ubavuni mwake mpaka ubani ulipoisha, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, kisha akanyanyuka kwenda jikoni kumtengenezea chai.